Praima: Rangi Itanguliayo na Jina Liifaalo

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika lugha yetu kwa mlango wa gereji, bila ya kupimwa na mwanachuoni wala kupewa idhini na baraza, ni neno praima, ambalo hutamkwa kila siku kandokando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kibaha Maili Moja hadi Mlandizi, na juu ya vilima vya Kisarawe vilevile, wala hakuna fundi rangi asiyelijua. Praima ni rangi ipakwayo juu ya mwili mtupu wa gari kabla ya rangi ile ionekanayo na watu, nayo ina kazi tatu: kushikamana na metali iliyo chini yake, kuihifadhi isiharibike, na kuipa rangi ijayo juu yake mahali pa kushika. Mwenye gari la zamani atakaye kulirudishia uzuri wake aghalabu hutumia siku nyingi akichagua rangi ya juu, kama iwe samawati au maziwa, na praima humwachia fundi anunue ile ipatikanayo dukani. Hapo ndipo hasara huanzia; kwa kuwa rangi ya juu ikikosewa yaweza kusuguliwa na kupakwa upya, lakini praima ikikosewa, yote yaliyopakwa juu yake hayana budi kuvuliwa mpaka chuma kionekane tena.

Jina lake limejaribiwa kufasiriwa kwa njia mbalimbali. Wako wasemao rangi ya kwanza. Na tafsiri hii, ijapokuwa ni nyepesi ulimini, yaeleza zamu tu wala haielezi kazi, hata mnunuzi akadhani kwamba rangi yoyote ikitangulia kupakwa imekwisha kuwa praima, akampa fundi mabaki ya kopo la rangi ya madirisha. Wako wasemao rangi ya msingi, na hawa wamekaribia zaidi, ila jina hilo limekwisha kumilikiwa na somo jingine, kwani mwanafunzi hufundishwa kwamba rangi za msingi ni nyekundu, manjano na buluu, na istilahi moja kubeba maana mbili ndani ya elimu ile ile ya rangi ni kumtia msomaji tashwishi bila ya sababu.

Pwani tulikuwa na neno letu la kale, deheni, lenye asili ya Kiarabu, nalo ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta uliopakwa chini ya jahazi ili mbao zisinywe maji wala kuliwa na wadudu wa baharini. Nalipenda neno hili, na ningalilipendekeza bila ya kusita lau si tofauti moja kubwa: deheni haingoji kitu juu yake. Ikishapakwa, kazi imekwisha na chombo chashuka majini. Praima haiko hivyo. Nyingi katika praima, hususa zile nzito zitumikazo kujazia mikwaruzo, zimejaa unga wa mawe na zina vitundu visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo hunywa unyevu. Gari lililopigwa praima ya namna hiyo likaachwa uani masika nzima, likingojea fedha ya rangi ya juu, huota kutu chini kwa chini ilhali mwenyewe ameridhika kwamba mali yake imehifadhiwa. Kwa hiyo naona jina lifaalo ni rangi tangulizi. Mtangulizi hukamilika kwa yule amfuataye, na jina hili lamkumbusha mwenye gari kwamba kazi haijesha, na kwamba kile kitanguliacho lazima kipatane na kile kijacho.

Kupatana huko kwaanzia chini. Chukua magari mawili yenye historia katika nchi zetu. La kwanza ni Peugeot 404, iliyotoka Ufaransa mwaka 1960, na ambayo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda nayo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Mwili wake ni bati la chuma, na mwili huo huo ndio unaobeba gari zima, kwa maana haina chesisi ya peke yake. Basi kutu ikila sakafu au vizingiti vya milango haikuharibu sura peke yake, bali imepunguza nguvu za gari. La pili ni Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwili wake ilifanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na chesisi ikafanywa kwa chuma. Mwenye kununua kopo moja la praima kwa ajili ya Land Rover nzima hakulifahamu gari lake.

Aluminiamu haioti kutu nyekundu, lakini hujivika utando mwembamba wa oksidi ambao rangi ya kawaida haiushiki barabara, na baada ya miaka michache rangi hutoka vipande vipande. Yataka praima ya asidi, ambayo ndani yake mna asidi ya fosfori iumayo uso wa metali na kuufanya ushike. Tena, mahali aluminiamu igusanapo na chuma pakiingia unyevu wa chumvi, ni aluminiamu itakayoliwa, igeuke unga mweupe kuzunguka misumari. Basi fundi mwema hupaka nyuso zote mbili kabla ya kuziunganisha.

Ukiuliza dukani praima ya chuma, jibu la upesi ni redoksaidi, na wekundu wake umewadanganya wengi. Zamani rangi nyekundu iliyosifiwa kwa kuzuia kutu ilikuwa na oksidi ya risasi iliyochanganywa na mafuta ya kitani, na viungo hivyo vilifanya kazi ya kikemia juu ya chuma. Ikaachwa kwa kuwa risasi ni sumu. Redoksaidi ya sasa hupata wekundu wake katika oksidi ya chuma, ambayo ni jamaa ya kutu yenyewe, wala haina nguvu ya kuipinga. Nguvu hiyo, kama imo, yatoka katika kiungo kingine, aghalabu fosfeti ya zinki, na haijulikani kwa kutazama kopo bali kwa kuyasoma maandishi yake. Praima za manjano zenye kromati ya zinki zilizuia kutu vizuri mno, lakini kromati hiyo husababisha saratani, na afadhali kuziacha.

Na kwa kuwa tumefika katika unga uliomo ndani ya rangi, Kisarawe yastahili kutajwa kwa heshima. Katika vilima vya Pugu mna udongo mweupe wa kaolini, na mapango ya popo yatembelewayo na wageni ni mashimo yaliyochimbwa na watu walioufuata udongo huo. Kaolini ikioshwa na kusagwa hutumika katika vyombo vya kauri, katika karatasi na katika rangi. Na chembe zake ni bapa, zikilala ubavu kwa ubavu ndani ya rangi hurefusha njia ya maji yatakayo kupenya mpaka chini. Hivyo basi moja ya siri za elimu hii imelala chini ya miguu yetu.

Kwa bati la chuma, katika hewa ya Pwani, hukumu yangu ni epoksi. Hii ni rangi ya makopo mawili, yenyewe na hadina yake, yaani dawa ya kuikaza, na ikikauka hujifunga kuliko praima nyingine na kuzuia unyevu. Chuma kwanza kisuguliwe mpaka kutu yote itoke, kifutwe kwa thina mpaka kitambaa kisitoke na uchafu, kipakwe siku ile ile, kwani usiku mmoja wa umande watosha kuanzisha kutu mpya. Puti, ile ya kujazia mabonde, hukaa vema juu ya epoksi iliyopigwa msasa. Haiwekwi juu ya praima ya asidi, kwa sababu asidi huivuruga isikauke sawasawa. Juu ya puti hufuata praima ya kujazia, kisha msasa wa maji, kisha rangi.

Rangi ya juu nayo ina tabia zake. Selulosi ilibadili ulimwengu wa magari tangu DuPont walipotoa Duco katika miaka ya 1920, kwa kuwa hukauka kwa dakika ambapo rangi za mafuta za awali zilingojewa siku nyingi. Ndiyo yenye mng'aro wa asili kwa magari mengi ya zamani, lakini thina yake ni kali, hukunja rangi ya enameli iliyo chini yake. Na katika hewa yenye unyevu mwingi thina hiyo, ikiruka upesi, hupoza uso wa gari mpaka mvuke ukatua juu yake, rangi ikapiga weupe. Mwenye kuipenda angoje kipupwe, apake jua likishapanda na umande umekauka. Enameli ni pole na ni rahisi, ila hukawia kukauka na hunasa vumbi la barabarani. Rangi ya juu ya makopo mawili ndiyo idumuyo kuliko zote, na kwa gari litakalotumika kila juma ningeichagua hiyo. Lakini hadina yake ina isosayanati, ambayo huweza kumpa fundi pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Yahitaji barakoa iletewayo hewa safi kutoka nje. Asiyeweza kuigharimia na achague enameli.

Na tukirudi katika majina, Kibaha ndiyo makao ya Nyumbu, shirika la teknolojia ya magari lililoundwa mwaka 1985, na Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwako tangu mwaka 1967. Wahandisi wa shirika hilo na wanalugha wa baraza hilo wakikaa meza moja, istilahi za kazi hii zaweza kupangwa kwa muda mfupi. Nao watengenezaji wa rangi nawasihi waandike juu ya kila kopo, kwa Kiswahili kisomekacho na fundi wa Maneromango sawa na wa Mlandizi, mambo manne: rangi tangulizi hii ni ya metali gani, ina kiungo gani cha kuzuia kutu, yangojewa saa ngapi, na ni rangi ipi isiyopasa kuifuata.