Mandhari

Wengi tunalitumia neno mandhari kwa milima, fukwe na mbuga. Mwalimu wa fasihi hulitumia kwa mahali na wakati wa hadithi. Kwenye maigizo lina kazi ya tatu, nayo ndiyo inayosahaulika: vile vinavyosimamishwa jukwaani ili mtazamaji ajue yuko wapi kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kutazama, uleule uliotupa nadharia. Wanaoyaita mandhari mapambo wanayapunja.

Mfano ninaoupenda ni mchezo wa Samuel Beckett, En attendant Godot, ulioonyeshwa kwanza Paris mwaka 1953. Mandhari yake ni njia na mti mmoja, basi. Sehemu ya kwanza mti hauna jani. Ya pili umechipua majani machache. Wahusika wawili wanabishana kama hapo ni palepale walipokuwa jana, na mtazamaji naye anaanza kuukagua ule mti: kweli imepita siku moja tu? Shaka hiyo imepandwa na majani. Mchezo uliporudishwa jukwaani kwenye ukumbi wa Odéon mwaka 1961, mti huo aliuunda Alberto Giacometti. Mchongaji mkubwa kama yule, kwa mti mmoja!

Tusichanganye mandhari na maleba, yaani mavazi na vifaa vya mwigizaji. Na aliyebuni mandhari atajwe kwa jina kwenye tangazo la mchezo, karibu na mwongozaji.