Kufuli ya Mnyoo

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, Mto Mirongo hufurika na kupita Mabatini ukizoa kila kitu hadi Ziwa Victoria. Ziwani humo kuna konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho. Anayeoga au kufua nguo ufukweni huenda asisikie lolote vinapompenya ngozi. Miaka baadaye ini huweza kuvimba na tumbo kujaa maji.

Dawa za ugonjwa huu zilitangulia kujulikana kuliko sababu ya kufanya kazi kwake. Mwaka 1918, J. B. Christopherson aliandika kuhusu wagonjwa aliowatibu Khartoum kwa sindano za antimoni. Ziliua minyoo, na mara nyingine mgonjwa pia. Ni miaka ya 1950 ndipo Mansour na Bueding walipoonyesha kwamba antimoni huzuia kimeng'enya ambacho mnyoo hukitumia kupata nguvu kutoka kwenye sukari. Zaidi ya miaka 30 watu walidungwa sumu bila yeyote kujua inapigia wapi.

Sasa tegemeo letu ni prazikwanteli, iliyogunduliwa miaka ya 1970, vidonge wanavyomezeshwa watoto shuleni. Ni dawa nzuri, ila haiwawezi minyoo wachanga, na mtoto akirudi majini huambukizwa tena. Mnyoo akiizoea, tutashika nini?

Hapo ndipo kompyuta ilipogeuza safari: sasa huanza na kimeng'enya, kisha hutafuta dawa. Binadamu ana vimeng'enya viwili tofauti vya kumkinga na madhara ya oksijeni. Mnyoo wa kichocho ana kimoja kinachofanya kazi zote mbili, TGR. Kikizibwa, hana kingine. Umbo lake lilipojulikana, watafiti waliweza kujaribu maelfu ya molekuli kwenye skrini, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli, kabla ya kununua kemikali yoyote.

Mwaka 2007 ilionekana kwamba auranofini, dawa ya baridi yabisi yenye dhahabu, hukizuia kimeng'enya hicho na kupunguza minyoo ndani ya panya. Dhahabu! Sisi tunaoishi jirani na Geita tumezoea kuiona ikisafirishwa mbali.

Auranofini haijawa dawa ya kichocho. Ufunguo unaoingia kwenye skrini huenda ukakwama mwilini, na jibu la mwisho hutoka kwa anayeinamia hadubini akihesabu mayai ya minyoo kwenye choo cha mgonjwa. Kazi hiyo imefanywa Mwanza kwa miongo mingi. Ile ya skrini nayo inahitaji kompyuta, umeme na kijana aliyesoma kemia. Mabatini wapo vijana wa namna hiyo, na wengine waliwahi kumeza vidonge vile.