Chupa ya Viluwiluwi: Kazi za Wanafunzi katika Somo la Biolojia, Maramba na Usambara

Makala haya yahusu jambo ambalo walimu wengi siku hizi hulitaja kama jambo geni, nalo ni kumwachia mwanafunzi wa biolojia abuni kazi yake mwenyewe, aifanye kwa mikono yake, kisha aisimulie mbele ya wenzake. Sina nia ya kulipinga. Nataka kuonyesha kwamba katika nchi ya Usambara na mwambao wa Tanga jambo hili lina historia, na kwamba kikwazo chake kikubwa, kwa maoni yangu, hakikuwa uhaba wa vyombo bali lugha ya kuulizia.

Hivi karibuni nilipita Maramba, katika wilaya ya Mkinga ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Muheza, nikaalikwa kutazama kazi za wanafunzi wa shule moja ya sekondari. Mwalimu wao amelipindua somo: maelezo wanafunzi huyasoma nyumbani, au huyasikiliza katika simu ya mzazi, na saa ya darasani huwa ya kutenda. Niliona moyo uliofinyangwa kwa udongo na kutiwa mirija ya plastiki badala ya mishipa. Niliona maharage yaliyooteshwa gizani, meupe na marefu kama nyuzi. Lakini kilichonisimamisha kilikuwa chupa ya maji ya dimbwi. Binti mmoja, baada ya kuniamkia, alinionyesha humo viluwiluwi vya mbu wa namna mbili.

"Huyu, mwalimu, hulala juu ya maji kama ubao, yule huning'inia kichwa chini. Huyu wa kwanza ndiye wa malaria."

Nikamwuliza amejuaje. Akajibu kuwa alivitenga katika chupa mbili, akazifunika kwa kipande cha chandarua, akangoja hata mbu wakatoka, ndipo akaona kuwa wa chupa moja hutua wamebinua mkia juu, na wa chupa ya pili hutua wamelala sawasawa na ukuta. Kisha nikasoma karatasi yake ya maelezo, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Habari ya chupa mbili haikuwamo, wala ya chandarua. Mlikuwamo sentensi nne zilizonakiliwa kitabuni, hazina kosa, wala hazikuhusu chochote alichokifanya. Alama zilitolewa kwa karatasi.

Hapo nikakumbuka Amani, iliyo juu ya milima hiyohiyo, upande wa kusini magharibi ya Maramba. Wajerumani walianzisha huko taasisi ya biolojia na kilimo mwaka 1902, na baada ya vita vya kwanza Waingereza wakaifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Kituo kilipohamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, Amani ikawa makao ya uchunguzi wa malaria, yaani wa mbu walewale wa chupani. Mimi kama mtu wa isimu sivutwi sana na bustani yake, ijapokuwa ni nzuri. Huvutwa na kitabu kimoja kilichotoka huko mwaka 1937: kamusi ya majina ya mimea ya Bwana P. J. Greenway, inayoanza na jina la Kiswahili ndipo ikaendea jina la kisayansi. Mpangilio huo wakiri jambo kubwa. Mtaalamu wa mimea aliyefika Usambara hakuwa na budi kuanza na jina alilolijua mwenyeji, kwa maana katika jina hilo mna uchunguzi wa vizazi vingi.

Sasa tuvuke kwenda Usambara ya Magharibi, katika Shule ya Sekondari ya Magamba karibu na Lushoto. Huko, mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu aliyatia maziwa yake yangali ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyatia baridi. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akatolewa mzaha. Msomaji wa makala haya atapenda kujua kwamba ilikuwa katika maabara ya biolojia, aliyoikuta wazi bila mwalimu, ndimo alimolijaribu jambo lake kwa maji ya moto na ya baridi. Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule, aliulizwa swali lilelile. Wanafunzi wakacheka, lakini yeye akarudi akajaribu. Makala yao wawili yalichapishwa mwaka 1969. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo lenyewe hata leo, nalo lina jina la Mpemba dunia nzima. Je, ni wangapi walionyamaza katika mzaha wa kwanza?

Kati ya miaka hiyo miwili ulitokea waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, uliotaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza, na wanafunzi wapange na waone makosa yao wenyewe. Mara nyingi jembe lilibaki kuwa jembe tu, na biolojia ikabaki ubaoni. Mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya elimu ya mwaka 1982 ilishauri kivukishwe kuanzia 1985, haikuwa hivyo. Istilahi hazikukosekana: taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Sisemi Kiingereza kiondolewe kesho asubuhi. Mtihani wa taifa ni wa Kiingereza na yule binti ataufanya. Nilimwomba mwalimu wake jambo dogo tu: daftari la uchunguzi liandikwe kwa lugha aliyoonea mtoto, lipewe alama, ndipo ifuate karatasi ya Kiingereza. Alifikiri kidogo, akaniuliza "siphon" ya kiluwiluwi itaitwaje. Binti akamtangulia: "Ni mrija wake wa kupumulia, mwalimu. Ukimwaga mafuta ya taa juu ya maji, unaziba." Nikawaachia nakala yangu ya kamusi ya 1990, ambayo jalada lake limekwisha chanika.