Pembe za Fremu: Habari za Mkato wa Mshazari Katika Nyanda za Juu Kusini

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Iringa hupita katika bonde la mibuyu hata akafika Ruaha Mbuyuni, kando ya Mto Ruaha Mkuu, kabla hajaanza kuupanda mlima wa Kitonga. Wengi hupajua kwa vitunguu na kwa joto lake. Sisi hupakumbuka kwa fremu sita za picha, nasi tutazisimulia hapa, kwa kuwa zinatufunulia sehemu ya historia ya useremala wetu ambayo vitabu vyetu vya shule huipita upesi.

Wazee wetu wa nyanda za juu hawakuwa na haja kubwa ya kuunga pembe. Kigoda, kinu na ngoma vilichongwa katika gogo moja. Huko pwani mafundi wa vitanda na milango waliunga mbao kwa ulimi na tundu: ncha ya ubao mmoja huchongwa ikawa ulimi, nao ukaingizwa katika tundu la ubao wa pili. Kiungo hicho ni imara sana. Mkato wa mshazari ni jambo jingine. Kila ubao hukatwa nyuzi 45, na mbao mbili zikikutana hufanya pembe mraba, hata mchirizi wa nakshi ukazunguka kona bila kukatika. Twaweza kusema kuwa ni kiungo cha uzuri kuliko nguvu. Na kama ilivyo kwa mambo mengi ya uzuri, kasoro yake haifichiki.

Huku bara maarifa hayo yalienezwa kwanza na karakana za misheni, kama zile za Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Baadaye zikaja shule za ufundi za serikali. Ifunda, karibu na Iringa, ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipoland, pakawa na shule ya ufundi katika miaka ya 1950. Baada ya Uhuru kazi iliongezeka. Kila ofisi ya serikali, kila shule na kila zahanati ilitaka picha ya Rais ukutani, na picha hiyo ilitaka fremu. Huenda hakuna mkato uliorudiwa mara nyingi zaidi katika karakana zetu ndogo kuliko huo wa nyuzi 45.

Chombo chenyewe kilikuwa kisanduku cha mbao kisicho na kifuniko, chenye mifereji miwili ya mshazari, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, ambamo msumeno wa mkono hupitishwa. Mifereji ikichakaa hupanuka, na msumeno huanza kuyumba. Hapo ndipo hesabu inapoingia. Fremu ya pembe nne ina mikato minane. Kosa la nusu nyuzi katika mkato mmoja jicho halilioni. Lakini mikato minane yenye kosa hilo hilo hufanya nyuzi 4, na fundi akikaza kona tatu za kwanza, kosa lote hukimbilia kona ya nne. Mwanafunzi asiyejua hesabu hii huilaumu kona ya nne, akaipaka gundi na vumbi la mbao.

Fundi mwenye uzoefu hakuziamini alama za chombo. Alikata vipande viwili, akaviunganisha, akaweka guni ndani ya kona na kuitazama kwenye mwanga. Kwa njia hiyo kosa la mkato huonekana mara mbili ya ukubwa wake. Na guni nayo alikuwa ameipima kwanza: alichora mstari, akaigeuza upande wa pili, akachora tena mahali pale pale. Mistari ikilaliana, guni ni ya kweli. Mashine ya umeme ya kukatia pembe, ambayo kampuni ya Rockwell ya Marekani iliitoa katika miaka ya 1960, haikuiondoa kazi hii. Diski yapasa kusimama wima juu ya meza, na ukingo wa kuegemezea ubao uwe nyuzi 90 kamili kwa diski mizani ikiwa sifuri. Ama sivyo, mashine hukosea kwa kasi zaidi kuliko mkono.

Lakini msumeno si shahidi pekee. Mti ukipoteza maji hukonda upana, bali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Basi ubao uliokatwa nyuzi 45 ungali mbichi, ukishakonda mkato wake huwa chini ya 45, na kona hufunguka kwa ndani. Ukinenepa kwa unyevu, hufunguka kwa nje. Hayo hatukuyajua mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipokuwa makarani vijana katika ofisi moja ya Ruaha Mbuyuni. Tuliagiza fremu sita kwa fundi mmoja mzee wa Mufindi, kwenye baridi na ukungu, ambako misonobari ya Sao Hill ilianza kupandwa mwaka 1939. Zilipofika zilikuwa safi. Baada ya majuma machache ya joto la bonde, kila kona ilikuwa na ufa wa milimita 4 kwa ndani. Tuliandika kuwa fundi ni mzembe, na nusu ya malipo yake ikazuiliwa.

Mzee alishuka Kitonga kwa lori akiwa na kisanduku chake begani. Hakugombana. Alikata vipande viwili mbele yetu, akaweka guni, wembe haukupita. Kisha akatoa mfukoni kipande kilichosalia katika ubao ule ule wa fremu, alichokuwa amekitunza katika kitambaa kibichi. Tulipima: kipande milimita 75, fremu milimita 72. “Vijana wangu,” alisema, “msumeno haukukosa. Mti ndio uliosafiri. Mimi kosa langu ni kutouliza unakwenda wapi.”

Tulimwomba radhi, naye alikaa kimya kitambo kabla ya kuipokea. Fremu za pili alizikata huku huku bondeni, kwa mbao alizozilaza juu ya vijiti kivulini miezi mitatu, zikipitiwa na upepo. Ile nusu ya malipo ilitubidi tuandike barua mbili ndipo ikatolewa.