Chora Saa: kalamu, jicho na akili ya babu

Mwaka juzi nilimpeleka babu yangu hospitali hapa Dodoma. Ni mzee wa Kigogo, kachunga ng'ombe maisha yake yote, na alikuwa amepata kiharusi chepesi. Daktari kijana, mpole tu, akampa karatasi na penseli. "Mzee, chora saa. Weka namba zote, halafu mishale ioneshe saa tano na dakika kumi." Babu alichora kitu kama kiazi, akaiweka penseli chini. Kwenye faili pakaandikwa sifuri.

Njiani tukirudi, babu huyohuyo alinipangia ng'ombe yupi auzwe kwanza kabla ya kiangazi, kwa nini, na nani asiambiwe mpaka mnada upite. Sasa ile sifuri ilipima nini?

Swali hili si la mezani tu. Baba mdogo aliisoma ile karatasi na tangu siku hiyo anasema mzee hawezi tena kuamua mambo ya zizi. Na sisi wa Dodoma tunajua neno linalofuata. Hospitali ya Mirembe imekuwa hapa tangu enzi za Waingereza, na nchi nzima jina lake limegeuzwa tusi. Mtu akishaambiwa "huyo wa Mirembe", maneno yake hayasikilizwi tena.

Daktari alikuwa anatafuta kile wanasaikolojia wanachokiita kazi za utendaji za ubongo: kupanga, kujizuia, kubadili njia pale ya kwanza inaposhindwa. Kazi hizi hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Vipimo vyake vingi vilizaliwa mahali ambapo kila mtu amepita shule. Kile cha kuunganisha namba na herufi kwa mstari kilitoka jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kile cha kutaja rangi ya wino huku ukijizuia kusoma neno lenyewe kilichapishwa na John Ridley Stroop mwaka 1935. Asiyejua kusoma hana cha kujizuia.

Kuchora saa nako kuna mtego. Kwa Kiingereza mgonjwa huambiwa aoneshe kumi na moja na dakika kumi, na neno "kumi" linamvuta aweke mshale kwenye namba 10 wakati anatakiwa auweke kwenye 2. Mwenye ubongo wa mbele ulioumia hunaswa hapo. Lakini kwa Kiswahili tunasema saa tano, na mshale mfupi unakaa kwenye 11. Yaani mgonjwa wetu ana mitego miwili, halafu anapewa alama kwa kipimo cha mwenye mtego mmoja.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za macho. Wewe unayesoma sentensi hii, macho yako hayatelezi juu ya mstari. Yanaruka, yanatua, yanaruka tena. Émile Javal aliliandika jambo hili kule Paris mwishoni mwa miaka ya 1870. Edmund Huey, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake juu ya usomaji mwaka 1908, aliwavalisha watu kikombe kidogo cha plasta juu ya jicho, chenye kijiti cha kuchora mwendo wake. Mrusi Alfred Yarbus akaonesha kwamba ukibadilisha swali, macho hupita njia nyingine kwenye picha ileile. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967.

Siku hizi hakuna kikombe. Kamera inamulika jicho kwa mwanga usioonekana na kusoma mboni ilipo. Jaribio ninalolipenda lilibuniwa na Hallett mwaka 1978: nukta inatokea upande mmoja, nawe unaambiwa usiitazame, tazama upande wa pili. Mwaka 1985 Daniel Guitton na wenzake, huko Canada, walionesha kwamba watu walioumia ubongo wa mbele hushindwa kujizuia; jicho linakimbilia nukta kabla mwenyewe hajaamua. Hapo hakuna penseli wala herufi, wala mkono uliolegezwa na kiharusi hauhitajiki.

Mambo haya yameshafika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Michael Boivin na wenzake walichapisha kazi yao Uganda, ambako kamera ilifuatilia macho ya watoto wadogo waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI, ili kupima umakini wao wakitazama katuni za wanyama. Na hapa Tanzania, wilayani Hai, kuna njia isiyohitaji hata umeme: kipimo cha IDEA cha kuchunguza wazee wanaopoteza kumbukumbu. Mzee hachori, anapanga njiti za kiberiti.

Hata hivyo jicho nalo si shahidi asiye na historia. Kongwa, jirani yetu, imechunguzwa kwa miongo kadhaa kwa sababu ya vikope. Ugonjwa huu hukunja kope kwa ndani zikakwaruza jicho mpaka likaingia makovu, na jicho la namna hiyo linaisumbua kamera. Mzee wa Ugogo aliyeponyoka mtego wa penseli anaweza kunaswa na mashine, halafu tukasema tena kwamba akili ndiyo iliyopungua. Kila kipimo kinahitaji kuanza na swali moja: huyu mtu amepitia wapi?

Mwezi ujao tunarudi kliniki. Kamera ya macho sitaikuta, na wala siidai. Nitamwomba daktari aongeze maneno matatu pembeni ya ile sifuri: "hakuwahi kusoma shule." Halafu nitampelekea baba mdogo nakala.