Haki ya Kupita na Mamlaka ya Kuongoza Treni: Muungano wa Union Pacific na Southern Pacific, 1996–1998

Mwaka 1986 Tume ya Biashara baina ya Majimbo ya Marekani ilikataa muungano wa reli za Santa Fe na Southern Pacific. Njia zao zilikwenda sambamba, na wateja wengi wa mizigo wangebaki mikononi mwa kampuni moja. Miaka kumi baadaye Union Pacific, ambayo njia zake nazo zilikwenda sambamba na za Southern Pacific katika maeneo mengi, iliomba kuinunua kampuni hiyo hiyo. Wizara ya Sheria ilipinga. Hata hivyo, kwa upande wa reli kauli ya mwisho ilikuwa ya Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu, iliyorithi kazi za Tume mwanzoni mwa 1996, nayo ikaridhia.

Ushindani ulilindwaje? Wizara ilitaka baadhi ya njia sambamba ziuzwe. Bodi badala yake ilikubali mpango wa kuipa kampuni shindani, BNSF, haki ya kupitisha treni zake katika takriban maili 4,000 za reli ya kampuni iliyoungana. Kisheria, mteja aliyekuwa na reli mbili aliendelea kuwa na mbili. Kiutendaji, mambo yalikuwa tofauti: mwenye reli ndiye anayeamua treni ipi itangulie na ipi isubiri.

Udhaifu huo ulidhihirika Houston katikati ya 1997. Yadi ya Englewood ilifurika mabehewa, treni zikasimama nje ya mji kwa kukosa nafasi, na msongamano ukaenea mbali na Texas. Viwanda vya kemikali vilishindwa kupokea na kusafirisha shehena. Treni za BNSF, zenye haki zote za kupita, zilikwama katika foleni ileile. Union Pacific ilitaja uchakavu wa Southern Pacific kuwa miongoni mwa sababu. Utetezi huo unastahili kutiliwa shaka, kwa kuwa udhaifu huohuo ndio uliotumika kuombea kibali.

Tarehe 31 Oktoba 1997 Bodi ilitoa amri ya dharura iliyoifungulia reli ndogo ya Texas Mexican mlango wa kuwahudumia wateja wa Houston. Amri hiyo ilidumu hadi Agosti 1998. Kwa mtazamo wa utafiti huu, lenye uzito zaidi ni makubaliano ya Februari 1998: Union Pacific na BNSF zilikubaliana kumiliki kwa pamoja njia ya zamani ya Southern Pacific kati ya Houston na New Orleans, na kituo cha pamoja cha kuongoza treni kikaanzishwa Spring, Texas. Mshindani alihitaji kiti katika chumba cha waongoza treni, jambo ambalo kibali cha 1996 hakikumpa.

Kanuni za 2001 ziliwataka waombaji wakubwa waonyeshe kwamba muungano utaongeza ushindani, si kuuhifadhi tu. Kansas City Southern, kwa udogo wake, iliachwa nje ya sharti hilo.