Penisilini Iliyorudi kutoka Mkojoni

Mara nyingi wagonjwa hutuuliza: kwa nini mganga aagiza vidonge vya penisilini vimezwe mara nne kwa siku? Kidonge kimoja kikubwa cha asubuhi hakitoshi? Tukawasimulie habari za polisi mmoja wa Uingereza.

Jina lake Albert Alexander. Mwaka 1941 alikuwa amelazwa katika hospitali ya Oxford, uso umejaa usaha, na jicho moja limekwisha kuondolewa. Tarehe 12 Februari aliingizwa penisilini mshipani, dawa ambayo Howard Florey na wenzake walikuwa wameitengeneza kwa shida kutoka katika ukungu. Punde homa ikashuka, naye akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa haba mno, na mafigo yake yaliitoa upesi katika damu na kuimwaga katika mkojo. Tena ilitoka nzima, haikuvunjwa! Basi, mkojo ule ukapelekwa maabarani kwa baiskeli, wakachuja humo penisilini na kumrudishia mgonjwa. Kazi ya kusikitisha, nasi twawaheshimu kwa ajili yake. Baada ya siku tano dawa ikaisha. Ugonjwa ukarudi, naye akafa tarehe 15 Machi.

Kumeza dawa hiyo hakukufaa wakati ule. Maji makali ya tumbo, yale yatuunguzayo koo tukitapika, huiharibu sehemu kubwa ya penisilini ya kwanza kabla haijafika utumboni. Mnamo 1952 Ernst Brandl na Hans Margreiter, katika kiwanda cha Kundl, Austria, kilichokuwa zamani cha bia, walitambua kwamba penisilini V hustahimili maji hayo. Tangu hapo kidonge kikaweza kushika nafasi ya sindano kwa magonjwa kadha wa kadha.

Kidonge hicho huyeyuka, hupita tumboni, na katika utumbo mwembamba sehemu yake kubwa huingia damuni. Nyingine haiingii kabisa. Ini hubadili kiasi fulani, na mafigo hutoa iliyobaki. Kwa mtu mwenye mafigo mazima, nusu ya dawa iliyomo damuni hupotea katika muda wa saa moja hivi, kisha nusu ya ile iliyobaki, na kuendelea hivyo. Baada ya saa sita imebaki kidogo sana, na vijidudu visivyokufa vyaweza kuanza kuzaana tena. Kidonge kikubwa cha asubuhi, jioni hakimo tena damuni, kimekwenda chooni.